Nilimlilia Bibi wa Kikorea

Mikumi,
Wilaya ya Kilosa,
Morogoro.
Jumapili, 8 Desemba 2024

Mpendwa Shangazi Rebeka,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Mpanda, wewe na wote wa nyumbani kwako. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukisimama sana darasani. Natumaini shule zimefungwa na sasa unapata kulinyoosha kidogo.

Sisi hapa tunaendelea. Frank bado yuko Kilosa kwenye ile karakana, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumatatu asubuhi. Binti yetu Teresia amefunga shule Ijumaa, amekuja na sanduku la nguo chafu na njaa ya bweni, na tangu afike sufuria halipumziki. Mvua zimeanza kunyesha. Bibi yupo. Asubuhi hii amekunywa uji vikombe viwili na ameota jua uani.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Shangazi, kwenye simu mimi ni mwepesi kusema "tuko salama" kabla hujamaliza kuuliza. Nikishasema hivyo siwezi tena kurudi nyuma. Ndiyo maana nimeona niandike.

Mwezi uliopita uliniandikia ujumbe: "Likizo inakaribia, nitajie muvi na tamthilia za Kikorea ulizozipenda mwaka huu, nami nizitafute huku." Nikakaa kimya, ukadhani sina bando. Bando lilikuwepo. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi, kila nikianza kujibu nafuta. Leo nakujibu yote.

Wewe ndiye uliyeniambukiza ugonjwa huu, unakumbuka. Nilikuwa kidato cha pili, ukaja likizo na mkoba wa CD, tukaangalia siku tatu mfululizo mpaka baba akauliza kama humu ndani kuna msiba. Tangu hapo kila mwaka naweka hesabu kichwani: ipi nimeipenda, ipi imenichosha.

Mwaka huu nilianza na ya enzi za wafalme, sehemu thelathini na mbili. Mtoto wa mfalme anajifanya bubu miaka kumi ili ndugu zake wasimuue, na anayejua siri yake ni mjakazi mmoja tu, kwa sababu alimsikia akizungumza na farasi. Niliipenda mpaka nikaunguza suruali ya mteja kwa pasi. Nakala yangu imetafsiriwa na mtu mmoja anayefanya sauti zote, mfalme, malkia, mjakazi, hata farasi, kwa hiyo malkia akikasirika anakoroma kama dereva wa lori. Itafute hivyo hivyo, utacheka.

Kisha kuna muvi ya Kibongo niliyoiona Kilosa mwezi wa nne, nilipokwenda kumwona Frank siku mbili na Bibi akabaki na jirani yangu Joha. Inamhusu mzee wa stesheni anayekataa kuhama nyumba ya reli ingawa treni haisimami tena pale. Kila siku anavaa sare, anasimama na bendera yake. Frank unamjua, dakika ya kumi huwa ameshalala. Ile aliiangalia mpaka mwisho, kisha akatoka nje kunawa uso, akasema Kilosa ina vumbi sana. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Ile ya mwanasheria na mpishi ambayo wenzangu wote wanaisifia, usipoteze muda wako. Wanapendana kwa sababu tu wamegawana mwavuli.

Sasa nifike kwenye ile ninayoikimbia.

Ina sehemu ishirini. Ni ya bibi mmoja wa kijijini, Korea, ambaye akili imeanza kumpotea. Mwanawe alikufa zamani, lakini kila siku yeye anatembea mpaka kituo cha basi kumngoja arudi kutoka shule. Anayekaa naye ni mkwewe, mjane, mwanamke mwenye hasira na mikono iliyopasuka kwa kazi. Mwanzoni anamkaripia: "Mama, mwanao amekufa!" Na kila akiambiwa hivyo, bibi yule analia upya kana kwamba amepata habari leo. Polepole mkwe anajifunza kunyamaza. Anaanza kumsindikiza kituoni, wanakaa wote wawili kwenye benchi, basi linapita, wanarudi nyumbani kupika.

Shangazi, sijawahi kulia hivyo. Joha alikuwa akija kila siku saa tisa alasiri, nami nimeshafunga cherehani, tunaangalia sehemu mbili. Tulikuwa tunalia mpaka khanga zinalowa. Joha alisema, "Kumbe na huko wazee wao wako hivi hivi." Nikamjibu, "Binadamu wote ni wamoja." Maneno hayo niliyasema mimi.

Na Bibi yetu, mama yako mzazi, alikuwa chumba cha pili, nimemfungia kwa komeo.

Nimeandika sentensi hiyo, nikaenda uani, nikarudi. Naendelea.

Unakumbuka kikao cha Februari kule kijijini Vidunda, baada ya Bibi kuacha moto jikoni na paa likaungua. Kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake. Baba mdogo Samwel akasema nyumba yake ni ndogo, wewe ukasema Mpanda ni mbali mno kwake. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema, "Nitakaa naye mimi. Amenilea, nami nitamlea." Ukanikumbatia ukilia, na mchungaji akaniombea mbele ya watu wote. Nilijiona mtu mzuri sana siku ile. Nilishuka mlima nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Miezi ya kwanza nilijitahidi, Mungu anajua. Nilimwogesha, nilimsuka, nilimpeleka kanisani. Lakini Bibi hachoki, Shangazi. Anauliza, "Twende nyumbani lini? Kuku hawajafungiwa." Unamjibu. Anakaa kidogo, anauliza tena. Siku moja nilihesabu mara kumi na nne kabla ya chakula cha mchana. Anachukua nguo za wateja anazificha chini ya godoro. Anajikojolea, ukimbadilisha anakupiga. Nikaanza kumfokea. Nilimwambia, "Vidunda hakuna nyumba tena, Bibi, uliichoma mwenyewe!" Akaniangalia, akashika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Jioni alikuwa amesahau. Mimi sikusahau, lakini nikasema potelea mbali, yeye hakumbuki.

Chumba chake zamani tulikuwa tunaweka magunia ya mahindi, ndiyo maana komeo liko kwa nje. Mara ya kwanza nilimfungia Julai, nilipokwenda dukani mara moja. Akakaa salama. Mara ya pili ikawa rahisi. Ilipofika Septemba ilikuwa ni kila siku, saa tisa mpaka saa kumi na moja, ili nione tamthilia yangu bila kusumbuliwa. Alikuwa anagonga. Anagonga kwa kiganja, taratibu, kama anayebisha hodi kwa watu. Anasema, "Wenyewe! Jamani, wenyewe!"

Nilichukua rimoti nikaongeza sauti.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nane Septemba. Tulikuwa tumefika sehemu ya kumi na saba, pale ambapo bibi wa Kikorea anapotea na kijiji kizima kinatoka kumtafuta, na mkwe anakimbia kwenye mashamba ya mpunga bila viatu. Joha alikuwa ananishika mkono. Katikati ya sehemu ile nikaona kugonga kumekoma. Nikashukuru, nikidhani amelala.

Tulipozima nilifungua mlango nimwandalie chai. Chumba kilikuwa kitupu. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na wavu wa mbu umekatwa vizuri kwa mkasi wangu wa kazi, ambao nilikuwa nimeutafuta tangu Jumatatu. Kiti alikuwa amekisogeza ukutani akapandia. Miaka sabini na tisa, Shangazi. Ni mtu wa milimani, miguu yake ina nguvu kuliko yangu.

Nilitoka nikipiga kelele. Joha akaenda upande wa stendi, mimi upande wa kanisani. Hakuna aliyemwona. Mimi akili yangu ilikuwa barabarani. Unaijua Mikumi, malori ya kwenda Iringa hayasimami kwa ajili ya mtu, na huku porini tembo wanavuka wanapotaka. Nilifika njia panda ya Ifakara nikamkuta Timotheo, kijana wa bodaboda anayepeleka nguo zangu kwa wateja. Akasema, "Nimepishana na bibi mmoja ana khanga ya bluu, anaelekea kama Kidodi. Nilidhani anakwenda shamba." Hiyo ndiyo njia ya kwenda Vidunda. Nikapanda nyuma yake.

Nilikuwa naangalia mitaro yote miwili ya barabara. Sijui kama nilikuwa naomba au nilikuwa natukana. Nilijiona mwenyewe nakimbia kama yule mkwe wa kwenye tamthilia, na nikajichukia, maana yule hakuwa amemfungia mtu.

Tulimkuta mbele kabisa, kama kilomita tano hivi, amekaa kwenye gogo kando ya magunia ya mkaa. Mama muuza mkaa, anaitwa Costancia, alikuwa amempa maji na anamchomoa miiba miguuni. Ndala alikuwa nayo moja. Magoti yote mawili yalikuwa yamechubuka. Kumbe aliangukia kokoto, na basi lilimpita karibu mpaka khanga ikapeperuka, ndipo yule mama akakimbia kumshika.

Costancia akaniuliza, "Huyu ni mama yako?"

Nikasema, "Ni bibi yangu."

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Ameniambia ametoroka kwa watu waliomfungia. Anasema hawafahamu ni akina nani."

Nikapiga magoti mbele ya Bibi, nikasema, "Shikamoo Bibi."

Akaitikia, "Marahaba, binti," kwa ile sauti ya heshima anayotumia kwa wageni. Akanishika mkono akanivuta karibu, asije akasikika. Akasema, "Binti, una sura ya huruma. Wewe unakaa huko mjini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Unamfahamu mjukuu wangu, Lightness? Mshona nguo."

Nikasema namfahamu.

"Basi nifikishie salamu. Mwambie kuna watu wananifungia ndani, nagonga hawafungui. Mwambie aje anichukue. Akisikia tu, atakuja. Yule mtoto nimemlea mimi, hawezi kuniacha."

Shangazi, nimekaa na maneno hayo miezi mitatu karibu. Nikiwa nashona nayasikia. Laiti angenitukana. Laiti angenipiga kama anavyonipiga nikimbadilisha nguo. Nilimwambia, "Nitamwambia, Bibi. Atakuja." Timotheo aligeuka akatazama porini. Tulimpakia katikati yetu, mimi nikiwa nimemkumbatia kwa nyuma, na njia nzima alikuwa ananishukuru, ananiita binti.

Kesho yake jioni ulipiga simu. Nilikuwa nampaka dawa kwenye magoti. Nikakuambia amejikwaa uani, kidogo tu. Ukasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Wewe umenivua mzigo mabegani." Kisha ukatuma ile doti ya vitenge kwa basi, na salamu za akina mama wa kanisani kwenu, kwamba wanamwombea yule mjukuu wa Mikumi. Vitenge vimo kabatini kwenye mfuko wake. Mimi ni fundi wa nguo, na nimeshindwa hata kuvikunjua.

Frank nilimweleza Jumamosi ile ile. Hakunigombeza. Alichukua bisibisi, akafungua komeo skrubu moja moja, akalitia mfukoni, akaondoka nalo Kilosa. Mpaka leo hajaniambia alilipeleka wapi, na mimi sijauliza.

Joha hakuja wiki mbili. Alipokuja aliweka sahani ya maandazi mezani, akasema bila kukaa, "Lightness, mimi nilikuwa nasikia anagonga. Kila siku nilikuwa nasikia. Nikajiambia ni kwako, siwezi kuingilia." Tangu siku hiyo Jumanne na Alhamisi anakaa na Bibi asubuhi, nami napata kushona. Hakuna aliyemwomba.

Nimejiuliza sana kwa nini machozi yangu yalikwenda Korea. Yule bibi wa kwenye runinga hana harufu. Hakupigi. Nywele zake nyeupe zimechanwa vizuri hata akiwa amepotea, na akilia unawekewa muziki wa kukusaidia kulia. Ukichoka unazima. Kumwonea huruma hakukunigharimu kitu, na nikiisha kulia nilijisikia mwepesi, kana kwamba nimefanya jambo jema. Nadhani huo wepesi ndio ulioniharibu. Nilikuwa natoka pale nimeridhika, kama nilivyoridhika siku ya kikao, na kumbe sijamfanyia mtu lolote.

Sitaki udhani nazilaumu tamthilia. Mimi ndiye niliyefunga komeo. Naomba hata hivyo uitafute hiyo, kwa sababu ni nzuri kuliko zote nilizoona mwaka huu, na ungenikasirikia kama ningekuficha.

Sehemu tatu za mwisho niliziona Novemba. Nilimketisha Bibi kwenye kochi pembeni yangu na bakuli la uji. Hadithi haikumhusu sana. Alipoona pilipili za Wakorea zimeanikwa akasema, "Hao wamezibananisha mno. Zitaota ukungu." Alipomwona bibi mwenzake juani kituoni akasema kwa ukali, "Mwambieni huyo mama akae kivulini!" Kila dakika chache aliuliza kuhusu kuku. Nikamjibu wamefungiwa, Bibi, wote wapo. Tulipofika mwisho kabisa, ambapo najua wewe utalia, mimi sikulia. Nilikuwa namfuta uji kidevuni, na sehemu yenyewe nusu yake sikuiona.

Sasa Shangazi, haya ndiyo ninayokuomba. Uliponiamini mbele ya ndugu wote hukujua unayemwamini ni mtu wa namna gani. Leo unajua. Ukiona ni vyema Bibi aende kwa Baba mdogo Samwel, au akae na wewe, sitasema neno, nitafunga nguo zake mwenyewe. Ukiona abaki, nitashukuru, ingawa siwezi kukuahidi kwamba sitamfokea tena. Juzi nilimfokea. Nilitoka nje, nikarudi, nikamwomba radhi, akaniuliza mimi ni nani.

Waambie pia wale mama wa kanisani ukweli. Najua itakuwa vigumu kwako. Lakini kila Jumapili nikifikiria kwamba wananitaja kwenye maombi kama mfano, najiona nimewaibia.

Nisalimie wote wa hapo kwako, na mwalimu mwenzio Yared ambaye alinitafutia kitabu cha Teresia. Frank anakupa shikamoo, Teresia naye shikamoo nyingi. Joha anasema anakusalimu na anaomba umsamehe. Mungu akulinde, akuponye goti, na akupe moyo wa kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Likizo ukipata nafasi, njoo. Usinitumie ujumbe kwamba unakuja wala usinipigie simu ukiwa njiani. Shuka tu kwenye basi siku yoyote, saa yoyote, uingie bila hodi. Utukute tulivyo, kisha uamue.

Ni mimi mwanao nikupendaye, ninayeona aibu hata kuandika jina langu,

Lightness